Mlango Mkabala na Bwana Taher

Tangu nirudi, sijapita barazani kwenu bila kukamatwa mkono. "Haji, ilikuwaje huko? Na duka liko wapi?" Nimesimulia kipande kwa huyu na kipande kwa yule, na sasa nasikia mjini yapo masimulizi matatu ya safari yangu, na katika moja nimepigwa na wanawake wa Jambiani. Sikupigwa. Nimeona bora niandike yote mara moja, mpokezane, nami niachiwe ninywe kahawa yangu kwa raha.

Mnajua kwamba nilikuwa nikiuza kamba dukani kwa Bwana Taher, pale mtaani Malindi, miaka kumi na mmoja. Msilolijua ni kwa nini niliondoka. Siku moja duka limejaa manahodha, mmoja akaniuliza kamba ipi itafaa kwa nanga ya chombo chake. Nikaanza kumweleza. Bwana Taher, kitini kwake, akasema kwa sauti: "Niulizeni mimi. Haji anajua kuzikata tu." Wakacheka wote. Mwezi uliofuata niliaga.

Muda si mrefu chumba cha mbele yake kikawa wazi, mlango kwa mlango. Mwenye nyumba, Bi Rukia, akakubali kuniwekea mpaka Ijumaa kabla ya sala. Kilichobaki ni mali ya kuuza. Dada yangu Mwanakombo yuko Jambiani, anafukia makumbi ya nazi pwani na kusokota kamba za usumba, na hakuna kamba za kusini zinazoshinda zake. Nikapanga niende nikamwambie kamba zake zote, tangu sasa, aniletee mimi peke yangu.

Mjini hadi Kitogani

Habari za kutafuta nafasi garini nitaziacha, hazina raha. Niseme tu kwamba sikusafiri peke yangu. Mkwe wangu, Bi Zaina, ana nduguye Chwaka aliyekuwa hajamwona siku nyingi. Aliposikia nakwenda kusini, akasema tutazunguka pamoja: kwenda kwa Jambiani, kurudi kwa Chwaka. Mke wangu Saada alifurahi sana. Mimi nilifurahi kwa mdomo.

Anayejua kusafiri na mama mkwe hahitaji kuelezwa. Husemi ovyo, hucheki ovyo, hunyooshi miguu. Yeye alikaa upande wa wanawake ndani ya buibui lake, kimya, na mimi upande wa pili ubaoni, nimebanwa na mzee mmoja wa Paje aliyekuwa na tenga la kuku. Jina lake Mzee Makame. Tulipofika Tunguu alikuwa keshajua jina langu, la baba yangu na la mtaa wangu. Kisha akauliza, "Na huko Jambiani unafuata nini?"

"Nnafungua duka la kamba, mzee."

"Mashaallah. Kwa nini hasa?"

Nikamjibu bila kufikiri, "Nnataka wanangu wasome."

Garini watu wakanisifu. Mwanangu ni mmoja, na ana miezi minane.

Gari likaharibika msituni Jozani. Dereva akaingia chini ya injini, akatoka, akaingia tena. Tulikaa hapo tangu saa nne mpaka adhuhuri, tunawatazama kima nao wanatutazama. Nilikwenda kumsaidia dereva kushika vyuma, naye akaniuliza lile lile, maana alikuwa amesikia. Nikamwambia mtu mzima lazima ajitegemee, kazi ya kutumwa haina mwisho. Akasema kweli kabisa, na akanituma maji.

Jambo la kusikitisha hapo lilikuwa chakula. Mwanamke mmoja garini alikuwa na kikapu cha muhogo wa kuchemsha na dagaa wa kukaanga, akatugawia wote. Mimi sikuweza kula mbele ya mkwe wangu. Nikakishika kipande changu mkononi kama amana. Kumbe na yeye hawezi kula mbele yangu, nacho chake amekifunga katika ncha ya kanga. Tukakaa hivyo, njaa inatuuma, kila mmoja anamheshimu mwenzake. Mwishowe akasema, akitazama miti, "Haji mwanangu, hebu katazame kama kule nyuma hakuna gari jingine linakuja." Nikaenda mpaka kwenye kona, nikala muhogo wangu wote. Niliporudi, kanga yake ilikuwa haina fundo.

Kitogani hadi Paje

Gari lilitufikisha Kitogani likikohoa, likakataa kwenda mbele. Mzee Makame akapata gari la ng'ombe la jamaa yake, akatupakia sote pamoja na kuku, akasema hatupiti Paje bila kulala kwake. Njia ni mawe matupu. Bi Zaina alikaa nyuma juu ya gunia, na kila gurudumu likipiga jiwe nilimsikia akisema "Ya Rabbi" taratibu, bila kulaumu mtu.

Kwa Mzee Makame tulipikiwa wali wa nazi na pweza wa mchuzi. Mimi nililetewa sinia ukumbini na wanaume, mkwe wangu akala ndani na wanawake, basi usiku ule tulishiba wote wawili. Baada ya kula, mke wa Mzee Makame akauliza kutoka mlangoni mgeni anatafuta nini huku kwetu. Nami, tumbo limejaa na watu wote wananisikiliza, nikasema ninafungua duka ili watu wa shamba wapate pa kuuzia kamba zao bila ya kudhulumiwa mjini.

Mzee Makame akaniangalia. "Si ulisema watoto wasome?"

"Na hilo pia, mzee."

"Na yule dereva ulimwambia umechoka kutumwa."

"Na hilo."

Akatikisa kichwa, akasema duka langu litakuwa na kazi nyingi. Nikacheka pamoja nao, lakini kicheko hakikunikaa vizuri.

Asubuhi, tunaaga, Bi Zaina akafunga mtandio wake na kusema, bila kunitazama, kama kawaida yetu, "Mwanangu, mimi katika zote nimependa ile ya watoto. Ile ya dhuluma ilikuwa ndefu."

Sikujua niweke wapi uso wangu.

Jambiani

Dada yangu alitupokea kwa furaha iliyonitoa machozi. Miaka miwili tulikuwa hatujaonana. Alinishika mashavu, akasema nimekonda, akaenda kumkamata jogoo. Wakati wa chai nikamweleza: chumba Malindi, Ijumaa, kamba zako zote kwangu. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. "Wewe ndugu yangu," akasema. "Ukitaka, nitafanya." Nikaona safari yangu imekwisha, imefaulu. Sikumuuliza chochote.

Kesho yake maji yalipokupwa nikatangulia pwani kutazama makumbi. Kwa asiyejua: wanawake wa huko huyafukia makumbi ya nazi katika mchanga unaofunikwa na bahari, ndani ya viuga, vijiua vidogo vilivyozungushiwa mawe, wakayaacha miezi mingi mpaka yalainike. Kisha huyafukua, huyapiga kwa rungu, na nyuzi zinazobaki ndizo usumba. Kamba nilizijua tangu ujana wangu, lakini kwa kuziona zimeviringwa dukani. Dada alikuwa ameninyooshea kidole tu na kusema kwetu ni kule. Nikafika, nikaona viuga vingi vimeshikana, nikavihesabu vyote kuwa ni vyake. Nikavua viatu, nikakunja suruali, nikatoa daftari langu. Nikaanza kufukua mkono mzima hapa na pale na kuandika, kama bwana shamba.

Niliposimama kunyoosha mgongo, wanawake kama saba walikuwa wamesimama wananitazama. Kumbe walidhani ni mtu wa serikali amekuja kuyahesabu makumbi yao. Kisha wakaona mashimo niliyoyachimba. Mmoja wao, Bi Mize, mwanamke mrefu mwenye sauti ya mwadhini, akaja mpaka kwenye kiuga nilichokitifua zaidi ya vyote.

"Haya nani kakuruhusu?"

"Si ya dada yangu, Mwanakombo?"

"Ya dada'ako ni yale pale, kiuga kimoja. Haya yangu. Yana miezi mitatu tu. Ushayafungulia hewa, yataoza."

Dada alikuja mbio, kanga inaanguka, akaomba radhi kwa niaba yangu mpaka nikaona haya. Bi Mize akamnyamazisha. Huko, aliyeharibu kazi ya mtu kwa makosa hatozwi kitu, hufanya kazi. Siku ile ilikuwa zamu ya dada yangu kufukuliwa makumbi yake. Wanawake hawa hufukuliana kwa zamu, leo kwako kesho kwangu, kwani mtu mmoja hawezi kuyamaliza kabla maji hayajarudi. Bi Mize akanipa rungu lake. "Basi leo mimi n'takaa. Utapiga wewe fungu langu."

Ndugu zangu, mwanamume hapigi makumbi. Haijapata kuonekana. Watoto walikuja, wazee wakatoka msikitini kwa ajili yangu, na Bi Zaina akatandikiwa mkeka kivulini, akakaa kutazama. Harufu ya makumbi yaliyofukuliwa sitawaelezea, mtaacha kula. Nilipiga mpaka viganja vikatoka malengelenge, maji ya makumbi yananirukia usoni. Hapo ndipo ilipotoka hadithi ya kwamba nimepigwa.

Baada ya saa moja walinizoea. Wakawa wananitania, nami ninajibu. Bi Mize, amekaa juu ya jiwe kama malkia, akasema, "Haya, mwenye duka. Tueleze hilo duka lenyewe. Utaliweka wapi?"

Swali hilo hakuna aliyekuwa ameniuliza njia nzima. Wote waliuliza kwa nini. Nikashika rungu, nikaeleza, na nikasikia utamu ukinipanda kifuani. Nikasema liko Malindi, mlango wake unatazamana na mlango wa Bwana Taher, hatua nane. Nikasema kiti chake nnakijua kilipo, basi na kamba zangu nzuri nitazitundika pale pale, akiinua macho azione. Nitafungua kabla yake kila siku, akija akute mimi nshakaa. Manahodha wakija wataniuliza mimi, kwa sauti, naye asikie. Nikawaonyesha kwa mkono namna atakavyogeuza uso. Sijui nilisema muda gani. Nilipomaliza marungu yote yalikuwa yamenyamaza.

Bi Mize akaniuliza kwa upole kabisa, "Na kamba utauza saa ngapi?"

Wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Nilitaka kucheka nao, nikashindwa. Nilijisikia kama nimevuliwa nguo pale mchangani. Katika kila nilichokisema hakuwamo mwanangu, wala dada yangu, wala mtu wa shamba, hata kamba zenyewe zilikuwamo kwa ajili ya kutundikwa tu.

Aliyekuwa hacheki ni dada. Nikamwona amesimama kando na fungu la usumba mkononi. "Haji," akasema, "mie leo nlikuwa niwaage hawa. Nikikuletea wewe peke yako, sina kamba za kutia katika fungu lao la kuuza pamoja, na asiyetia hafukuliwi. Nlikuwa nnangoja tumalize kazi ndio niwaambie."

Wanawake wakamgeukia.

"Mbona hukuniambia jana?" nikamuuliza.

"Wewe ni ndugu yangu. Umekuja mbali."

Nilikuwa karibu kumtoa dada yangu kati ya watu wake, akabaki na makumbi yake peke yake na bahari, kwa sababu ya kiti cha Bwana Taher. Nikamwambia asiage mtu. Nikamwambia mbele yao wote, ili yasije yakabadilika.

Bwejuu na Michamvi

Tuliondoka alasiri ileile kwa gari la ng'ombe, tukalala Bwejuu kwa watu wa Bi Zaina. Njiani yeye kwa mara ya kwanza alinionea huruma: alikula embe mbele yangu, na jingine akanipa. Tulikula sote wawili, tumetazama pande tofauti.

Asubuhi tulifika Michamvi, tukakuta mashua ya kuvukia Chwaka imekaa juu ya mchanga mkavu. Mwenye mashua alikuwa amelala ndani yake. Alisema maji yatakuja yakitaka. Nikawa na nusu siku ya kukaa juu ya gogo na kujiuliza.

Nilifanya hivi. Nilichukua duka langu kichwani, nikaliondoa mbele ya Bwana Taher, nikalipeleka Ng'ambo. Nikajitazama nimekaa humo. Sikuona kitu. Nikalipeleka Uroa, nikalipeleka Mwanakwerekwe njiani, na kila mahali nilipoliweka lilikuwa giza, mimi ndani yake napiga miayo. Nikaogopa. Kazi kwa Taher nimeacha, chumba cha Malindi sikitaki tena, na mke wangu ananingoja nirudi na jibu. Kama mimi si mtu wa duka, basi mimi nani? Niliona mikono yangu yenye malengelenge, nikasema labda alisema kweli Bwana Taher, najua kuzikata tu.

Chwaka

Maji yakaja, tukavuka, tukashuka Chwaka baada ya adhuhuri. Gari la mjini lilikuwa linaondoka baada ya alasiri. Bi Zaina akaenda kumtazama nduguye, mimi nikaambiwa ningoje pwani na mizigo, mahali dereva atakaponiona.

Palikuwa na mvuvi anahangaika na kamba yake ya nanga. Ilikuwa imekatika, ameiunga kwa fundo kubwa kama ngumi, na fundo linanasa kwenye tundu la omo, mbele ya chombo, kila anapoivuta. Nilimtazama mara tatu, ya nne sikuvumilia. "Lete." Nikalifungua lile fundo, nikazifumua ncha mbili, nikazisuka kila uzi ndani ya mwenziwe, juu, chini, juu, chini, nikavuta, nikapiga kwa jiwe. Kamba ikawa moja. Akaipitisha kwenye tundu, ikapita kama maji.

"Kumbe fundi wewe!" akasema, akaenda kumwita nduguye.

Nduguye akaja na demani, ile kamba ya kuvutia tanga, imelika katikati. Nikamwambia kosa si kamba, kosa ni aina yake. Hii ni ya kufungia mizigo, aliyekuuzia hakukuuliza unaifanyia nini. Akaja wa tatu, akaja mzee na kamba ya ndoo ya kisima. Nilikaa chini mchangani, kofia imerudi kisogoni. Nikamuuliza kila mmoja chombo chake kinabeba nini, kinakwenda wapi, nanga inaangukia mwamba au mchanga. Vidonda vya viganja vilikuwa vinauma na sikuvisikia. Mtu akaniletea samaki changu wa kukaanga na mkate wa ufuta, nikala kwa mkono mmoja.

Nilipoinua kichwa, Bi Zaina alikuwa amesimama na kikapu chake.

"Gari?" nikauliza.

"Lishaondoka zamani. Dereva kakuita mara mbili, ukamjibu 'naam', ukaendelea kusuka."

Nikaruka, nikaanza kuomba radhi. Akaniashiria nikae. Kisha akanitazama usoni, jambo ambalo tangu nimuoe mwanawe hajawahi kulifanya.

"Haji, huyu Bwana Taher umemkumbuka leo?"

Nikafikiri. Tangu nishike ile kamba ya kwanza, hakuwa amenipitia akilini. "Hapana, mama," nikasema.

"Basi," akasema, akageuka kurudi kwa nduguye. "Kaimalize ya yule mzee wa kisima, katoka mbali."

Malindi

Gari la asubuhi lilitufikisha mjini Ijumaa, muda bado upo. Nikamfikisha mkwe wangu nyumbani, nikaenda moja kwa moja kwa Bi Rukia, nikamwambia chumba ampe mwingine. Nimepata kibanda Funguni, wanakopandishia vyombo, hakina mlango wa kutazamana na mtu; mbele yake ni jahazi tu na mafundi. Hapo nitaunga kamba na kuziuza, na mtu kabla hajanunua nitamuuliza anaifanyia nini. Kamba za Jambiani nitazinunua kwa wanawake wote pamoja, kama mteja mwingine yeyote.

Wakati natoka kwa Bi Rukia, Bwana Taher alikuwa kitini kwake. Akanipungia mkono nije. Nilivuka zile hatua nane.

"Nasikia unafungua hapa mbele yangu," akasema. "Nimefurahi bwana. Nishasema, sasa n'tapata mtu wa kuzungumza nae."

Nikamwambia hapana, nakwenda Funguni.

Uso ukamshuka, kweli kweli. Akachezea tasbihi yake. "Haji, nikuulize. Miaka yote ile tumekaa vizuri. Wewe uliondoka kwa nini? Mpaka leo sijui, na mke wangu kila siku ananiuliza."

Nikamtazama. Hakuwa anafanya mzaha. Manahodha, kile kicheko, yale maneno niliyolala nayo na kuamka nayo, yeye hakuwa nayo. Hayakupata kukaa kwake hata siku moja. Ningeweza kumkumbusha, na nilihisi yakinifika ulimini.

"Nilipenda nifanye kazi yangu," nikasema.

Na nilipojisikia nikiyasema hayo, nikajua kwamba wiki nzima nimejibu swali lile la kwa nini, na hili ndilo jibu la kwanza lililokuwa kweli.